Sauti ya Dar es Salaam: Miaka 75 ya Redio Iliyoanzia Mji Mmoja

Julai 2026 inatimia miaka 75 tangu kituo kidogo cha redio kilipowasha mitambo Dar es Salaam na kuanza kuzungumza na watu wa mji ule kwa Kiswahili. Kilikuwa kituo cha majaribio. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikianzisha Julai 1951 ili ione kama redio ingeifaa nchi. Mtambo wake ulikuwa mdogo, na matangazo yake yalikusudiwa mji na viunga vyake. Jina nalo lilikuwa la mji: Sauti ya Dar es Salaam.

Kituo hicho kikaja kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ya wazee wetu, na leo tunakisikia kwa jina la TBC Taifa. Kwa zaidi ya miaka 40 Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine ya kushindana nayo wala televisheni. Watu wazima wa nchi hii walijifunza kupitia kwake jinsi taarifa ya habari inavyosomwa, jinsi mpira unavyotangazwa na jinsi msiba unavyopelekwa kwa jamaa walio mbali.

Wengi wameiandika historia hiyo kama historia ya serikali na siasa zake, na wana haki. Lakini upande mmoja husahaulika. Redio hii ilipendwa kwa sababu hata ilipokuwa ya taifa zima iliendelea kufanya kazi ya redio ya mji. Iliita watu kwa majina yao, iliwapelekea habari za ndugu zao, na iliwapigia nyimbo zilizotungwa na vijana wanaowajua. Huo ndio urithi wa Sauti ya Dar es Salaam, na ndio unaostahili kuadhimishwa.

Mji na redio yake

Dar es Salaam ya mwaka 1951 ilikuwa ikifura. Sensa ya 1948 ilihesabu watu 69,227. Ya 1957 ilikuta 128,742. Vijana walishuka kutoka bara kutafuta kazi bandarini, relini, majumbani na madukani. Kariakoo, Ilala na Magomeni zilipokea watu wa kila kabila, na lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili. Mji ulikuwa na magazeti ya Kiswahili, ulikuwa na bendi za dansi, na ulikuwa na vyama vya taarabu kama Egyptian na Al-Watan, ambavyo ushindani wao ulijulikana kila mtaa. Kilichokosekana ni chombo cha kuwasemesha watu wote hao kwa wakati mmoja.

Redio yenyewe haikuwa kitu kigeni Afrika Mashariki. Nairobi ilikuwa na matangazo tangu 1928, lakini yalianzishwa kwa ajili ya walowezi. Zanzibar ilipata Sauti ya Unguja mwaka uleule wa 1951. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa iliyokabidhiwa Uingereza, na gavana wake wakati huo alikuwa Edward Twining. Serikali yake ilitaka njia ya kufikisha habari na maagizo kwa wananchi wengi ambao magazeti hayakuwafikia au hawakujua kuyasoma.

Lakini hakuna mtu anayekaa mbele ya redio jioni nzima ili asomewe maagizo. Kituo kilichotaka kusikilizwa kililazimika kuwapa watu wanachokipenda, na watu wa Dar es Salaam walipenda muziki wao, mashairi yao, mizaha yao na habari za mji wao. Hapo ndipo redio ya mkoloni ilipoanza kuwa redio ya wenyeji. Sera iliandikwa kwa Kiingereza ofisini, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya Mswahili anayezungumza na Waswahili wenzake, na msikilizaji alimtambua.

Vyombo vya kusikilizia vilikuwa vichache na ghali. Mwenye redio hakusikiliza peke yake. Majirani walijaa barazani, wengine wakisimama dirishani, na hotelini mwenye redio alikuwa na wateja hata kama chai yake haikuwa tamu. Desturi hiyo ya kusikiliza kwa pamoja iliendelea hata baada ya redio za transista kuenea vijijini, na baadaye, kama tutakavyoona, serikali huru iliigeuza kuwa darasa.

Kutoka mji hadi nchi

Majaribio yalifaulu. Tarehe 1 Julai 1956 kituo kilifanywa shirika, Tanganyika Broadcasting Corporation, kwa kifupi TBC, kwa mfano wa BBC ya London. Matangazo yakaelekezwa nchi nzima, na makao ya redio yakawa kwenye jengo la Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Herufi hizo tatu, TBC, zilipotea 1965 na zikarudi tena 2007, zamu hii zikimaanisha Tanzania.

Nchi ilikuwa kubwa na nguvu za mitambo hazikutosha. Masafa mafupi yaliweza kuruka kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma na Bukoba, lakini sauti ilikuja na mikwaruzo, ikipanda na kushuka. Mtu wa Ukerewe au Tunduru alijifunza kuelekeza redio yake, kufunga waya wa antena kwenye mti, na kukaa kimya kabisa wakati wa habari. Baadaye vilijengwa vituo vya kurushia matangazo mikoani, Dodoma, Mbeya, Arusha, Kigoma, Nachingwea, Songea, na hali ikawa nafuu.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza iliteremshwa Dar es Salaam. Walioweza kufika uwanjani walikuwa sehemu ndogo sana ya wananchi. Wengine wote waliupokea Uhuru kwa masikio.

Miaka miwili baadaye redio ilionja hatari. Januari 1964 ilikuwa mwezi mzito. Tarehe 12 serikali ya Zanzibar ilipinduliwa, na watu wengi walilisikia jina la John Okello, aliyejitangaza kiongozi wa mapinduzi hayo, kwa mara ya kwanza kupitia redio ya Unguja. Siku nane baadaye, tarehe 20, askari wa Tanganyika Rifles wa kambi ya Colito waliasi na kuingia mjini, na kituo cha redio kilikuwa miongoni mwa mahali walipopashika. Siku iliyofuata Rais Julius Nyerere alizungumza na wananchi kwa redio, na waliomsikia wakajua kwamba bado yupo. Hakuna kiongozi aliyetoka katika wiki ile akiwa na shaka juu ya uzito wa redio. Mwaka 1965 shirika lilivunjwa, redio ikawekwa chini ya wizara moja kwa moja, na ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam.

Ngoma ya habari na habari za msiba

Ukiwauliza watu wa miaka 50 na kuendelea wanakumbuka nini kuhusu RTD, wengi watakutajia ngoma. Kabla ya taarifa ya habari ulisikika mdundo wa Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona, aliyezipanga ngoma nyingi kumzunguka na kuzipiga zote peke yake, kila moja kwa sauti yake. Wageni waliosikia mdundo ule walidhani ni kundi la watu. Mdundo huo uliwatoa watu shambani na jikoni. Mtoto aliyekuwa na kelele alinyamazishwa, redio ikaongezwa sauti, na saa mbili usiku nyumba nyingi za Tanzania zilikuwa zikisikiliza kitu kimoja.

Baada ya taarifa yalikuja Mazungumzo Baada ya Habari, ambapo msimamo wa nchi ulielezwa kwa lugha iliyonyooka. Mchana na jioni kulikuwa na mengi: Majira kwa wapenda habari, Mama na Mwana ya Bi Deborah Mwenda kwa watoto, vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi, Lugha ya Taifa kwa wanaojali Kiswahili chao, na Ugua Pole, kipindi cha kuwasalimia wagonjwa waliolazwa hospitalini. Tazama kipindi hicho cha mwisho. Redio ya taifa, yenye mitambo iliyogharimu fedha nyingi, ilitenga muda kumwambia mama aliyelazwa wodini kwamba wanawe wanamsalimia na wanamwombea apone. Hiyo ni kazi ya jirani.

Lakini kipindi kilichoigusa kila nyumba hakikuwa kipindi. Yalikuwa matangazo ya vifo. Mpangilio wake kila mtu aliujua kwa moyo: bwana fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi, kilichotokea jana katika hospitali ya mkoa, mazishi yatafanyika kesho saa kumi, habari ziwafikie fulani wa Tabora, fulani wa Tukuyu, na fulani aliyeko jeshini, habari ziwafikie pia ndugu, jamaa na marafiki wote popote walipo. Msomaji alisoma taratibu, majina bila kuyakosea, Mnyakyusa kwa matamshi ya Kinyakyusa, Mhaya kwa ya Kihaya, kwa sababu jina likikosewa mtu anaweza kukosa mazishi ya mzazi wake.

Fikiria maana yake katika nchi ambayo simu zilikuwa za posta na za ofisi, barua ilichukua wiki mbili na simu ya maandishi iliishia mjini. Mtu alikuwa shambani Kilombero, jirani akaja mbio: umetajwa redioni. Akaacha jembe, akafunga nguo mbili, akaelekea kituo cha basi. Aliyetajwa hakuwa kiongozi wala mchezaji. Alikuwa mtoto wa mtu aliyefariki, na taifa zima lilisimama kidogo kumtafuta. Sijui chombo kingine cha umma katika historia yetu kilichomheshimu mwananchi wa kawaida kwa namna hiyo, kila siku, miaka nenda miaka rudi.

Darasa chini ya mwembe

Desturi ya kusikiliza kwa pamoja iliyoanzia kwenye baraza za Dar es Salaam ilipata kazi mpya baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na redio ziliandaa kampeni za kusikiliza kwa vikundi. Ya mwanzo ilikuwa Kupanga ni Kuchagua, 1969, iliyoeleza mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano. Ikafuata Uchaguzi ni Wako 1970, kisha Wakati wa Furaha, ya kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru. Hizo zote zilikuwa ndogo, na kila moja iliwafundisha waandaaji kitu.

Ndipo mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vyake. Utaratibu ulikuwa rahisi na ulifikiriwa vizuri. Kikundi cha watu wasiozidi ishirini hivi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. Siku ya kipindi walikusanyika, redio katikati, wakasikiliza. Redio ikizimwa, mmoja alisoma kwa sauti sehemu ya kitabu cha kampeni, kilichoandikwa kwa herufi kubwa kwa ajili ya waliotoka tu kwenye madarasa ya kisomo. Wakajadiliana: hapa kwetu malaria inatokana na nini, kichocho tunakipata wapi, maji tunayokunywa yanatoka kwenye kisima gani. Mwisho, na hapa ndipo ilipokuwa nguvu ya kampeni, kikundi kililazimika kuamua kufanya kitu kabla ya kukutana tena.

Wakachimba vyoo. Wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi, wakasafisha visima, wakaanza kuchemsha maji. Kampeni ilipokwisha, vyoo vipya vilihesabiwa kwa malaki. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, kuhusu lishe. Wataalamu wa elimu ya watu wazima kutoka nchi nyingine waliiandika Mtu ni Afya kama mfano wa jinsi redio inavyoweza kubadili maisha ya watu wengi kwa gharama ndogo.

Siri yake haikuwa redio peke yake. Redio iliwasha mazungumzo, na mazungumzo yenyewe yakawa ya wanakijiji. Mkulima hakuambiwa tu na mtu wa Dar es Salaam kwamba mbu ni adui. Alimweleza jirani yake, na jirani akajibu, na wakakubaliana nani alete sururu. Redio ya mbali iliweza kufanya hivyo kwa sababu iliwaachia watu wa mahali nafasi ya kusema.

Studio iliyotunza muziki wa nchi

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Mwanamuziki aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, na wengi hawakuweza. Kwa hiyo studio ya redio ndiyo iliyokuwa studio ya nchi. NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Kilwa Jazz, Dar es Salaam Jazz, Atomic ya Tanga, Tabora Jazz, Vijana Jazz, na baadaye Mlimani Park na wengineo, wote walipita Barabara ya Pugu.

Kurekodi kulikuwa na taratibu zake. Maneno ya nyimbo yalipitiwa kwanza. Wimbo wenye matusi au uliokwenda kinyume na siasa ya nchi ulirudishwa. Bendi iliyoruhusiwa ilileta vyombo vyake, ikajipanga chumbani, waimbaji mbele ya kipaza sauti, magitaa, besi, tumba na tarumbeta nyuma, na fundi mitambo akatafuta uwiano wa sauti kwa masikio yake. Hakukuwa na kurekodi chombo kimoja kimoja na kuunganisha baadaye. Mpiga solo akikosea katikati, wote walianza upya. Bendi ziliingia studio zikiwa zimefanya mazoezi ya kutosha, na hilo linasikika mpaka leo: nyimbo zile zina pumzi moja, kana kwamba mtu mmoja anazipiga.

Katika miaka ya 1970 redio iliupa muziki wa nyumbani nafasi karibu yote na kuubana wa kigeni. Unaweza kubishana na uamuzi huo, na wengi wamebishana. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana wa Dodoma alimjua Marijani Rajabu kabla ya kumjua mwimbaji yeyote wa Ulaya, na bendi ya mkoa ilijua kwamba ikitunga wimbo mzuri, nchi nzima itausikia. Wanamuziki walilipwa kidogo. Hilo ni deni ambalo bado halijalipwa, nami nitalirudia.

Sauti iliyovuka mipaka

Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliweka makao yake Dar es Salaam mwaka 1963, na wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika wakawa wageni wetu. Redio iliwapa muda wa kutangaza. FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na vyama vya Zimbabwe walizungumza na watu wao kutoka studio za Dar es Salaam, kwa lugha zao, kwa masafa mafupi yaliyofika kule ambako kuwasikiliza lilikuwa kosa la jinai. Watu waliosikiliza chini ya mablanketi Johannesburg na Lourenço Marques walilijua jina la Dar es Salaam kama jina la mji unaosema kweli juu yao.

Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yamevamia Kagera, ni kwa redio wananchi wengi walimsikia Mwalimu Nyerere akisema kwamba nchi ina sababu ya kumpiga, ina nia na ina uwezo. Na Aprili 1984 ni kwa redio walimsikia yeye mwenyewe akitangaza kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine. Yapo mengi ya furaha pia. Agosti 1979 Peter Tino aliisawazishia Taifa Stars kule Ndola dhidi ya Zambia, na Tanzania ikapata tiketi ya fainali za Afrika za Lagos 1980. Goli hilo watu wazima wanalisimulia kama walioliona, ilhali wengi wao walilisikia tu.

Yaliyopungua

Kuadhimisha si kusifu tu. RTD ilikuwa sauti ya serikali na ya chama kimoja, na kuna mambo haikuyasema. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha mamilioni ya watu. Redio ilieleza faida za kuishi pamoja, lakini familia zilizobomolewa nyumba na kupelekwa mahali pasipo maji hazikupata kipaza sauti cha kusema yaliyowapata. Bidhaa zilipoadimika madukani mwanzoni mwa miaka ya 1980, msikilizaji alisikia habari za wahujumu uchumi, lakini hakusikia mjadala wa sera zenyewe. Hapo ndipo wengi walipojenga tabia ya kuisikiliza RTD na kisha kugeuza kishikizo kwenda BBC au Deutsche Welle, ili wasikie upande wa pili.

Ndani ya redio hiyohiyo, hata hivyo, walikuwamo watangazaji waliojua kazi yao na kuiheshimu. Paul Sozigwa na David Wakati, waliopata kuiongoza, walitoka kwenye ufundi wa utangazaji wenyewe. Edda Sanga alianza hapo, na baadaye akawa miongoni mwa wanawake walioanzisha chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, mwaka 1987. Tido Mhando aliondoka RTD, akafika hadi kuongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha akarudi kuiongoza TBC. Uandishi wa habari wa redio Afrika Mashariki una deni kubwa kwa shule hiyo.

Mlango wafunguliwa

Sheria ya Utangazaji ya 1993 iliondoa ukiritimba. Mwaka uliofuata Radio One na Radio Tumaini zilikuwa hewani, televisheni zikaingia Bara, na kijana wa mjini akapata pa kugeukia. RTD ikaonekana ya kizamani. Lakini mwaka huohuo wa 1993, mwezi Julai, ilianza kurusha mchezo wa kuigiza uliothibitisha kwamba bado ilijua kazi yake: Twende na Wakati.

Mchezo huo ulimfuata Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, aliyeishia kuugua UKIMWI, na mkewe Tunu, aliyejifunza kusimama kwa miguu yake. Watafiti walitaka kujua kama hadithi ya redio inabadili mwenendo wa watu. Kwa kuwa kituo cha Dodoma kiliweza kurusha vipindi vyake, mchezo haukurushwa eneo hilo hadi 1995, na watafiti wakalinganisha. Waligundua kwamba mahali uliposikika watu walizungumza zaidi wao kwa wao juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI, na wengi zaidi walichukua hatua. Mtu ni Afya ilikuwa imefundisha jambo hilohilo miaka 20 kabla: redio hufanya kazi pale inapowafanya majirani wazungumze.

Mapema miaka ya 2000 RTD iliunganishwa na televisheni ya taifa kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na 2007 ikaundwa TBC. Wakati huohuo redio ndogo zimechipuka wilayani. Orkonerei ilianza kuwatangazia wafugaji wa Simanjiro, Sengerema ikawa na redio yake, Pangani ikawa na yake. Redio hizi hutangaza bei ya mahindi ya gulio la Jumamosi, ng'ombe aliyepotea, kisima kilichoharibika, na mkutano wa kijiji. Wanaozidharau kwa udogo wake wasome upya historia hii. Sauti ya Dar es Salaam nayo ilianza hivyo.

Linalotupasa

Katika maghala ya redio ya taifa zimo kanda za sauti kwa maelfu: hotuba, michezo ya kuigiza, mashairi, ngoma za makabila zilizorekodiwa vijijini, na nyimbo za bendi ambazo hazikuwahi kuwa santuri. Kwa nyingi kati ya nyimbo hizo, kanda hiyo ndiyo nakala pekee duniani. Kanda za sumaku huharibika kwa joto, unyevu na muda, na Dar es Salaam ina vyote vitatu. Kazi ya kuzihamishia kwenye mfumo wa dijitali inapaswa kupewa fedha na wataalamu kama kazi ya kutunza mali ya taifa, na ikamilike wakati mafundi wanaozijua mashine za zamani bado wapo.

Kanda zikishahamishwa, zifunguliwe. Mwanafunzi wa Kiswahili azisikie, mtafiti azisikie, na mjukuu wa mpiga gitaa wa Tabora amsikie babu yake. Na pale zinapotumika kwa biashara, wanamuziki au warithi wao walipwe. Waliingia studio wakatoka na nauli, na nchi nzima ikacheza kwa jasho lao. Sheria ya hakimiliki tunayo, itumike.

Kwa redio za wilaya nina ombi moja: tunzeni mnachorekodi. Leo mnafuta mahojiano ya mzee wa kijiji ili kupata nafasi kwenye kompyuta. Baada ya miaka 50 mtu atatamani kuyasikia na hatayapata popote.

Na kwako msomaji. Kama kwenu kuna mzee aliyefanya kazi Sauti ya Dar es Salaam, TBC ya zamani au RTD, awe mtangazaji, fundi, mpiga chapa au dereva wa gari la matangazo, kaa naye mwezi huu umrekodi. Kama kuna picha, barua ya kusifiwa kipindi, kadi ya salamu au kaseti iliyorekodiwa redioni, usiitupe. Ipeleke TBC au Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na uandike nyuma yake majina ya waliomo. Redio hii ilitaja majina yetu kwa miaka mingi bila kuyakosea. Sasa ni zamu yetu kuyahifadhi ya wale walioitumikia.